Bibi wa kwenye picha niliyoitumia ndiye bibi wa mchumba wangu

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Tunduma ninajulikana, na najua wenzangu wengi wanasoma ukurasa huu.

Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na tisa, nimemaliza kidato cha nne. Nafanya kazi kwenye duka la stationery karibu na mpaka, nachapa barua na kuwajazia madereva wa malori fomu zao. Huu ni mwaka wa tatu nina blogu kuhusu maisha ya huku kwetu. Jina langu halimo. Bosi hapendi mambo hayo, kwa hiyo nilificha, nikazoea kuficha. Hata mchumba wangu, nitamwita Neema, hajui kama blogu hiyo ni yangu.

Ninaandika shajara kila siku, kwa tarehe, tangu nikiwa shuleni. Zamani nilikuwa naokota picha mtandaoni ovyo, mpaka mwenye picha moja akaniandikia kwamba mimi ni mwizi. Niliona aibu sana. Tangu hapo natumia picha za leseni huria tu, yaani zile ambazo mpiga picha mwenyewe ameruhusu watu wazitumie bure na hata kuzikata, mradi jina lake litajwe. Kila picha naiandika kwenye shajara: nimeipata wapi, kapiga nani, masharti yake, na mwenyewe ameielezaje.

Mwezi Machi niliandika makala kuhusu vijana wanaokimbilia biashara Tunduma na kuwasahau wazazi wao. Nikapata picha ya bibi mmoja wa Ileje amekaa mlangoni, ungo mtupu mapajani, anatazama chini. Aliipiga mgeni mmoja kutoka Ulaya. Niliikata pembeni ili ienee vizuri, nikaandika chini yake: "Watoto wake wako mjini, yeye hajui leo atakula nini." Kisha nikataja jina la mpiga picha kama leseni inavyotaka, na kusema kwamba nimeikata. Nilijiona mtu mwaminifu kabisa.

Makala ilisambaa kuliko zote nilizowahi kuandika. Watu waliichukua picha pamoja na maneno yangu, ikafika kwenye simu za watu hata nisiowajua.

Mwezi Mei posa yangu ilipokelewa. Baba yake Neema, ambaye ana duka la nafaka hapa Tunduma, akatuchukua mimi na Neema kwenda kijijini kwao Ibaba, kule Ileje, kumsalimia mama yake mzazi. Naingia tu sebuleni, naiona ile picha ukutani, kwenye fremu, ikiwa nzima. Upande nilioukata kuna magunia matatu ya ulezi yamejaa mpaka mdomoni, na mtoto anayecheka. Bibi mwenyewe amekaa chini ya fremu, ananitazama.

"Karibu mume wangu," akanitania, kama bibi anavyomtania mchumba wa mjukuu wake. "Mbona umeganda mlangoni? Umeona mkeo amezeeka?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Ndipo nikasimuliwa. Yule mgeni aliishi kwao mwezi mzima. Aliomba ruhusa kabla ya kupiga, na aliporudi kwao akamtumia Bibi ile picha kwa posta. Sasa imekuwa aibu ya nyumba. Baba Neema ni mzee wa kanisa, lakini sokoni wenzake wanamwuliza, "Mzee, mama kala leo?" Kule kijijini akina mama wa kanisa walimpelekea Bibi mchele na sabuni.

"Mchele!" Bibi akasema. "Wananiletea mchele mimi, ninayewagawia mbegu ya ulezi kila mwaka!" Kisha akashusha sauti. "Siku hizi sikai tena pale mlangoni. Wanaopita wananihurumia."

Baba Neema akasema, "Na jina la aliyetuuza liko palepale chini ya picha. Amekula ugali wetu, kisha akatutangaza kuwa tuna njaa."

Neema akadakia, "Aliyefanya hivi, hata angekuwa ndugu yangu wa damu, simsamehe."

Baba yake akanigeukia. "Mkwe wangu, wewe unajua kompyuta na Kiingereza. Mwandikie barua huyo mgeni. Iwe kali."

Nikaitikia, "Sawa, mzee."

Niliporudi Tunduma nilifungua shajara ya Machi. Nilichokisoma sijakisema popote mpaka leo. Kwa mkono wangu nilikuwa nimeandika: "Maelezo ya mpiga picha: Bibi anapumzika baada ya kupepeta ulezi. Mavuno yalikuwa mazuri." Kwa hiyo nilijua. Nilijua hana njaa, nikamwandikia njaa kwa sababu ilifaa kwenye makala yangu. Leseni niliifuata yote, na kwa kuifuata nikawapa mtu asiye na kosa wa kumlaumu.

Makala nimeifuta, lakini kwenye simu za watu bado ipo. Barua nimeikwepa wiki tatu: mara umeme umekatika, mara mtandao hakuna. Sasa Baba Neema amesema anakuja dukani Jumamosi aisome kabla haijatumwa. Ikienda, yule mgeni atajibu kwamba maneno yale si yake, na ataonyesha blogu yalikotoka. Nikisema mwenyewe, namkosa Neema. Nikinyamaza, naingia kwenye ndoa nikimkwepa bibi yake macho.

Jana Bibi alinipigia kwa simu ya jirani. "Mume wangu, kwenye barua hiyo usimtukane mgeni wangu. Mwambie tu aje aniambie njaa aliiona wapi."

Nimechapa barua mbili, ziko kwenye droo. Moja ni ya mgeni, ni kali kama nilivyoagizwa. Nyingine ni ya Bibi, na mpaka sasa ina maneno matatu tu: "Bibi, ni mimi."

Ndugu zangu mnaosoma, Jumamosi nimpe mzee ipi?