Mpera wa Dirishani kwa Shangazi

Pera nililochagua leo sokoni lina alama ya mdomo wa ndege. Nimelinusa, na mkono umesita.

Nilipokuwa mtoto, mpera wetu ulikuwa dirishani kwa shangazi, aliyelala ndani akikonda kwa ugonjwa ambao watu wazima waliutaja kwa kunong'ona. Ndege walijaa mtini kutwa. Siku moja jirani akaja na manati, akasimama mpakani mwa kibanja, akamwita bibi yangu.

"Mama, hawa ndege wanatoka kwa mgonjwa wenu wanakuja kudonoa mapera yangu. Watatumaliza kwa ugonjwa huo! Leo nawaua."

Nilijificha nyuma ya bibi. Asubuhi ile nilikuwa nimekula pera lililodonolewa.

"Wewe umewafukuza kwa kupiga madebe msimu mzima," bibi akamwambia. "Hebu pasua pera la kwako."

Akachuma, akapasua. Funza weupe walijinyonganyonga ndani. Bibi akachuma la kwetu, lililodonolewa ubavuni, akalipasua. Lilikuwa jekundu, safi.

"Ndege anaonja kidogo, lakini wadudu anawamaliza. Na ugonjwa haupiti mdomoni mwake." Akala nusu, nusu akanipa mimi. "Kula, mjukuu wangu."

Jirani alishusha manati, akanikazia macho. Niliuma. Dirishani shangazi alikuwa ameinuka, vidole vyake vyembamba vimeshika nondo, ananitazama mimi tu.

"Ni tamu?" akaniuliza.

Nilikuwa bado sijameza.