Tulipanda Mwisho

Popote nilipohamia, nilisimulia kijiji chetu. Muhoroni nilikisimulia nikiwa juu ya lori la miwa. Nyalenda, kwenye foleni ya maji. "Huyu na kijiji chake," walinicheka, "utadhani ni Nairobi!" Sikujali. Babu yangu ndiye aliyefika wa kwanza kwenye ile tambarare nje ya Pap Onditi, akafyeka kichaka, akapanda ua wa mnyaa kuzunguka boma lake. Boma liliporomoka zamani. Ua ulibaki, duara la kijani katikati ya shamba letu.

Aliyenipa hadithi hiyo ni jirani yetu, mzee niliyemwita baba mdogo. Nikiwa mtoto alinizungusha ule ua akinishika mkono. "Hapa ndipo lilipokuwa lango la babu yako," aliniambia. "Sisi wote tulimkuta hapa."

Mwaka huu nilirudi kujenga. Mtu wa umri wangu asiye na boma huchekwa hata na wapwa zake. Nilitaka kujenga ndani ya ule ua, na wazee wakaja nyumbani kwa mama kunisikiliza, wakakalia viti tulivyoazima kanisani. Baba mdogo akasimama.

"Mtoto wetu tumpe mahali," alisema. "Lakini si pale kwenye mnyaa. Na ajue kwamba anapewa. Babu yake alikuwa jadak."

Jadak ni mtu aliyekaribishwa kwenye ardhi ya wenyewe. Anaweza kukaa hadi wajukuu, lakini anabaki mgeni.

"Baba, si wewe ulinionyesha lango?"

"Ulikuwa mtoto. Mtoto anapewa hadithi ndio alale."

Wakacheka. "Jadak na viatu vya ngozi!" mmoja akadakia. Wana wa baba mdogo hawakucheka. Wameoa wote na hawana pa kujenga. Walikuwa wakiutazama ule ua.

Kwa hiyo alinidanganya zamani, au alikuwa akinidanganya siku ile. Wazee walipoondoka nilimwuliza mama, aliyekuwa akichambua omena, dagaa wa ziwani.

"Mama, ni kweli?"

Hakuinua kichwa. "Kwani hukujiuliza kwa nini tulikuwa tunapanda mwisho? Mgeni hawatangulii wenye ardhi kutia mbegu."

Nilikumbuka. Kila mvua za kwanza zilipoanguka, baba alikaa na mbegu kwenye ndoo mpaka kwa baba mdogo wamalize kupanda. Nikimhimiza, alisema, "Ng'ombe wetu wavivu, mwanangu." Niliwachukia wale ng'ombe. Hata uvivu wao niliusimulia Muhoroni, watu wakavunjika mbavu. Baba alijua, na akaniacha niende duniani nikijigamba kwa kitu ambacho hakikuwa chetu. Yeye yuko kaburini, kwenye ardhi hiyo hiyo ya kukaribishwa. Sina wa kumgombeza.

Wiki hiyo mvua ikanyesha. Alfajiri nilijaza mtama kwenye bakuli, nikachukua jembe, nikaenda shambani. Kwa baba mdogo mlango ulikuwa bado umefungwa. Nilikuwa nimeinama kwenye shimo la kwanza mama aliponifikia, kanga mabegani, miguu imejaa tope.

"Wewe utaondoka," alisema. "Unaondoka kila mara. Mimi ndiye nitabaki nao."

Nikarudisha mtama kwenye bakuli. Ndipo ule mlango ukafunguka, baba mdogo akatoka akijinyoosha, akaniona na kunipungia mkono kwa furaha, kama zamani.

"Mwanangu! Umeamkaje?"

"Salama, baba," nikamjibu.