Safari Ile Kalicha Hakutoa Habari

Kalicha ni kaka mkubwa wa mume wangu. Alisomea sheria Nairobi miaka ya sabini, akawa wakili wa benki, tai shingoni hata kwenye jua la Kiwanjani, mtaa wetu. Mwaka wa themanini na tatu aliacha, akaingia serikalini kuwa mkaguzi wa mabenki na kampuni za akiba, kwa mshahara mdogo zaidi.

"Watu husoma wapande," mama mkwe wangu, Gumato, alimwambia. "Wewe umesoma ukashuka."

"Mama, kule nililinda pesa ya benki. Sasa nalinda ya wale wanaoweka."

Kwetu Waborana, mtu akitoka safari hupewa chai, kisha huulizwa habari, naye huitoa yote: mvua, bei ya ng'ombe, nani amezaa. Kalicha alikuwa hodari. Habari zake alizianzia Nanyuki, njiani kutoka Nairobi, na kabla hajamaliza, chai ya pili ilikuwa imepoa.

Alhamisi moja ya mwaka wa themanini na sita alifika bila kutuma neno. Mama akamwuliza habari. Mvua ni nzuri. Watoto wazima.

"Na kazi?"

Kalicha aligeuzageuza kikombe. "Kazi iko."

Basi. Mama alimtazama, hakuuliza tena.

Mama alikuwa ameuza madume sita ya ng'ombe, akaweka pesa yake kwa kampuni moja ya akiba pale mtaa wa Wabera, ajenge nyumba ya mawe. Ijumaa asubuhi alitoa kitabu chake chini ya godoro, akaniambia twende. Abiba wangu, wa miezi minne, alikuwa mgongoni. Tulikuta mlango wazi, hakuna foleni. Kinanu, muuza miraa, alikuwa dirishani akiweka noti zake.

"Habari, Mama Kalicha," karani akasema. "Unatoa ama unaweka?"

"Napita tu," mama akasema, akageuka.

Njiani aliniambia, "Nikitoa leo, watasema mwanangu alininong'oneza."

Mimi nilikuwa nafikiria noti za Kinanu. Hata leo nazifikiria.

Jumatatu Kalicha alikuja pale na askari wawili, akatia kufuli ya serikali. Wenye kampuni walikuwa wamejikopesha akiba za watu mpaka zikaisha. Watu walijaa barabarani. Kirimi wa duka la unga alisema kwa sauti, "Huyu mama yake alishatoa zake. Muulizeni."

Gumato alimpelekea kitabu. "Wewe umesoma. Wasomee."

Kirimi alisoma. Pesa ya madume sita, yote ndani. Alikirudisha kitabu kwa mikono miwili. Kinanu alikuwa wa kwanza kumpa Kalicha kitabu chake aandikishe madai, wengine wakafuata. Miaka miwili baadaye walilipwa nusu. Nyumba yetu bado ni ya mabati.

Lakini siku hiyo ya kufuli, Kalicha alirudi nyumbani mchana, akaketi karibu na mlango kama mgeni. Mama alimmiminia chai, akasubiri anywe kidogo.

"Haya," akasema. "Sasa toa habari."

Kalicha akaanzia Nanyuki.