Harusi Isiyongoja Paa

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, kana kwamba imepita hapa mlangoni leo asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milimani hadi mjini, jambo geni kwetu huku Same tuliozoea vumbi na upepo. Ulilifunika jengo la mtoni mpaka nguzo zake zikawa kama watu waliosimama wakingoja kuitwa majina. Nilitua ndoo yangu nikalitazama, nikasema moyoni: hili halitaisha mpaka nizeeke. Basi nimezeeka, nawe umekuja kunisikiliza.

Mto wenyewe usidhani ni wa kutisha. Kiangazi unabaki mchanga mtupu, kina mama wanafukua kwa mikono wapate maji. Masika ndipo unaponguruma kama una kesi na mtu. Kando yake ndipo wazee wetu walipoota ndoto yao, wakati ule wa shida, tulipopanga foleni ya sabuni, na sukari tukaisikia tu kwa jirani. Wakulima wa Suji na Vudee waliokuwa wakishusha ndizi mjini waliungana na watu waliotoka mikoa ya mbali kuja kukata mkonge. Wakaunda chama, wakasema, tujenge pamoja. Chini maduka na soko, juu vyumba vya kuishi, katikati ukumbi, na upande wa maji baraza ndefu ya kupungia upepo. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Mbonea, mstaafu na mzee wa kanisa, aliyezungumza polepole kama bado anaandika ubaoni.

Nguzo zikasimama, ngazi ikapanda, na sakafu ya juu ikamwagwa. Kisha saruji ikapotea. Zilipokuja siku za ruhusa na biashara ikafunguliwa, saruji ilirudi ikajaa madukani, lakini wenye nguvu katika kile chama walikuwa wamekwisha kukimbilia mitumba na mabasi. Wakaja watu wa ardhi wakasema tumeusogelea mto mno, kazi isimame kwanza. Iliporuhusiwa kuendelea, mafuriko yakala msingi wa upande wa chini. Watu wakacheka, mwanangu! Mtu akichelewa kuoa au kulipa karo, aliambiwa anakwenda kama jengo la mtoni. Mbuzi wa wafugaji ndio waliolifaidi, wakilala kivulini mchana kutwa.

Mimi nilikuwa nikiishi na shangazi yangu, Nakijwa, aliyeuza makande na chai karibu na stendi. Na seremala wa jengo lile, Yohana, ndiye aliyekuwa moyoni mwangu. Baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, naye Yohana akazaliwa kambini. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kuupapasa ubao kabla ya kuukata, kama anauomba radhi. Chama kilimwahidi chumba kimoja cha juu, kinachotazama mto.

Baba yangu kule Suji alisema neno moja tu juu yake: "Kijana ni mzuri. Atakuweka wapi?" Kwetu milimani mtu huulizwa shamba la ukoo wake liko upande gani, na Yohana hakuwa na upande. Neno lile lilimchoma. Akaniita jina langu, akasema, "Namsifu, chumba kikiisha ndipo nitapanda Suji. Sitaki kukuolea kambini."

Tukangoja. Jioni tulipanda ile ngazi, tukaketi katika chumba kisicho na dari wala ukuta wa mbele, milima ikigeuka rangi ya zabibu, tukapanga kitanda kikae wapi na kabati lielekee wapi. Nilishona mapazia ya dirisha ambalo halijatobolewa. Ilikuwa tamu, sikufichi. Mvua ikaja ikaenda, wenzangu niliosoma nao wakabeba watoto wa pili mgongoni, nasi bado tulikuwa tunahamisha kitanda kwa maneno.

Asubuhi ile ya ukungu niliporudi na maji, nilimkuta Yohana amesimama mbele ya shangazi na begi begani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Keti unywe chai."

"Sikai. Nimekuja kuaga, naenda Mererani. Watu wanapata vito huko. Nikipata, nitarudi nimalize chumba mwenyewe. Namsifu atanisubiri."

Machozi yalinijaa. Shangazi aliweka mwiko chini.

"Atakusubiri? Kwani huyu ni nguzo ya zege?"

"Shangazi, subira yavuta heri."

"Na ngojangoja yaumiza matumbo! Hilo hukufundishwa? Sikiliza, Yohana. Anayelima huku akingoja mvua, huyo ana subira. Anayekaa na jembe begani akitazama mawingu anapoteza msimu. Nawe Namsifu, unashonea hewa mapazia. Jengo limechelewa, sawa. Ninyi nani kawachelewesha?"

Hakungoja jibu. Alimwaga maji ya kuoshea vyombo, akafunika sufuria ya makande ingali ikichemka. "Shika huku, Yohana. Tunahama."

Tukambebea sufuria, mafiga na benchi, tukaufuata mgongo wake mle ukunguni mpaka jengo la mtoni. Aliwafukuza mbuzi, akawasha moto kati ya nguzo mbili. Mwalimu Mbonea akaja mbio, kofia mkononi.

"Nakijwa! Jengo halijakabidhiwa!"

"Na njaa nayo, Mwalimu, huwa inangoja kukabidhiwa?"

Mwalimu akavuta benchi, akaomba sahani. Alikula, macho yakizunguka kwenye zile nguzo, na nilipompelekea maji nilimwona anafuta uso. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliliona jengo lake likiwa na moshi.

Yohana alitundika begi lake kwenye msumari, ampigie shangazi kibanda cha mabanzi kabla ya kuondoka. Kesho yake fundi cherehani akahamia, akataka meza. Akaja kinyozi, akaja mama wa Kihurio na magunia ya mchele, wakafuata wa ndizi na tangawizi. Wote walitaka rafu na milango. Begi likaendelea kuning'inia pale pale mpaka likaota vumbi.

Shangazi akamwita baba. Alishuka kutoka Suji na fimbo yake, akapita polepole kati ya wachuuzi, akapanda ngazi hadi kile chumba chetu. Upepo ulikuwa ukipita humo utakavyo.

"Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapa, baba," Yohana akajibu. "Paa bado."

Baba aliutazama mto muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nilimwoa mama yake shamba likiwa pori."

Tulifungia harusi kwenye ukumbi usio na paa. Kwaya iliimba, ndege wakipita juu yetu wakielekea bondeni, na manyunyu mepesi yakatulowesha hata mchungaji akacheka katikati ya maombi. Tukaingia chumbani kwetu chini ya turubai. Lilipopigwa na upepo usiku lilivuma kama tanga, nasi tulilala tukiota kwamba nyumba inasafiri.

Vyumba vya juu viliisha kimoja kimoja. Baraza ya upande wa maji haikujengwa kamwe. Mto uliichukua sehemu ile, na wazee wakaiacha iwe yake. Chumba chetu kilipata dari mtoto wetu wa kwanza akiwa tayari anakwenda shule. Yohana aliipigilia mwenyewe, akalala chali sakafuni kuitazama, akanivuta nilale naye tuitazame wote. Masika yaliyofuata kifua kikambana, na hakuyamaliza.

Sasa nielewe, mwanangu. Kama tungeingoja dari ile, ningekuwa na mume kwa msimu mmoja. Badala yake nilipewa miaka ya turubai, ya ndoo za kukingia matone, ya watoto kucheka mvua ikiingia kitandani. Siilaumu dunia kwa kuchelewa. Miji hujengwa polepole, na mwenda pole hajikwai. Lakini wewe si mji. Ukipenda mtu, mwambie ungali huna kitu. Ukiwa na kazi ya mikono, ianze hata ukutani pasipo na rangi. Na kazi kubwa inayokuzidi umri usiikimbie wala usiicheke; weka tofali lako, kisha pika, kula, oa, zaa, ukiwa humo humo ndani yake.

Mungu akupe riziki isiyokupita njiani, akupe mwenzi wa kulowa naye bila manung'uniko, na siku zako, nyingi au chache, akukute ukiziishi. Nenda salama, mwanangu.