Kadi Iliyonizungusha Mlowo

Ile siku niliyozunguka Mlowo na kadi mkononi, mwanangu, naikumbuka mpaka leo, na umenikumbusha wewe uliponiletea mfano wa kadi ya duka lako la Tunduma.

Nilikuwa kijana, nimeoa juzi tu. Shangazi yangu alikuwa amefiwa na mume, na huo ulikuwa msimu wake wa kwanza kuvuna peke yake. Magunia ya kahawa mbivu yamejaa uani, mashine ya kumenya ikagoma. Wewe umekulia dukani, huenda hujui: kahawa mbivu ikilala kwenye gunia inapata moto, inachacha, na mnunuzi anaitambua kwa harufu tu. Shangazi akanipa kadi ambayo fundi mmoja wa Mlowo aliigawa kwenye mkutano wa wakulima, akaniambia nisirudi bila huyo mtu.

Kadi ilikuwa nzuri, inang'aa. Katikati, kwa herufi kubwa za bluu, kulikuwa na anwani ya tovuti, ndefu mpaka ikakatika na kuendelea mstari wa pili. Basi. Simu hakuna, mtaa hakuna, hata neno mashine hakuna. Nilidhani ni jina la kampuni, nikaliulizia hivyo hivyo, wala sikufikiria kuulizia fundi wa mashine. Muuza pembejeo aliigeuza kadi, akaigeuza tena, akanirudishia. Mpiga debe wa stendi akasema labda ni ya Wazambia, nijaribu Tunduma. Nikachanganyikiwa kabisa, nikaanza kujishuku kama shule nilisoma kweli. Dada mmoja mwenye simu kubwa akaniandikia ile anwani, akakosea, akarudia. Ukafunguka ukurasa wenye picha ya mashine na neno "Karibuni". Tukatazamana. Karibuni wapi?

Nilirudi peke yangu. Kesho yake tulimwaga kahawa, na shangazi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nililia, mtu mzima na mke wangu ananiona.

Baadaye tulimkuta yule fundi gulioni. Kumbe karakana yake iko nyuma ya soko, na hapo nilipita siku ile nikiuliza. Shangazi alimshika mkono, akamweleza yote, kisha akamuuliza kwa upole, "Siku hiyo wewe ulikuwa wapi, baba?"

Fundi akainamisha kichwa. "Nilikuwepo, mama. Nilishinda nimekaa, sina kazi."

Kwa hiyo, mwanangu, hiyo kadi usiichapishe bado. Anza na jina la duka na unachouza, kisha simu, kisha mahali ulipo kama mnavyoelekezana wenyewe, mkabala na nini, nyuma ya nini. Tovuti iweke chini, kwenye mstari wake, iwe fupi, isikatwe, na useme mtu ataona nini humo. Bei, bidhaa, chochote kilichopo kweli. Hizo alama za mwanzo wa anwani, nukta mbili na mistari ya mshazari, ziache. Risiti na bahasha nazo fanya hivyo hivyo. Halafu mpe kadi mtu asiyekujua, mwambie akutafute. Akikwama usimcheke, maana wateja wako wengi watakuwa kama yeye.

Kuna mtu anakuhitaji leo na hajui ulipo. Mungu amfikishe kwako, na wewe akujalie uwe na cha kumpa.