Wasifu Uliokataa Kuprintiwa

Virusi vya kompyuta ndivyo vilivyoniponza. Nina kaduka ka stesheneri Utemini, na kila mteja anayekuja kuprinti huja na flashi yenye magonjwa yake. Siku moja nikachoka. Nikaangalia video kwenye simu, nikaung'oa mfumo wa zamani kwenye laptop na kuweka Linux, ambayo wenye kuijua walisema haishikwi ovyo na virusi. Iliponiuliza kama ifute kila kitu, nilibonyeza ndiyo kwa hasira. Wiki ile ile shangazi yangu akafariki.

Shangazi huyu ndiye aliyenilea. Nilipoachishwa ziwa nilipelekwa kwake Unyambwa, nikasoma kwa kuku na alizeti zake, na mama nilimwita yeye.

Kwetu mtu hazikwi bila wasifu wake kusomwa, na mwenye kompyuta kwenye ukoo ni mimi. Basi asubuhi ya mazishi baba mkubwa, kaka wa marehemu, akaja dukani, akavuta kiti nyuma yangu na kuanza kunitajia cha kuandika. Alizaliwa Mgori. Aliolewa, akafiwa na mume. Alikuwa mwanakwaya. Kisha akasema, "Andika: hakujaliwa kupata mtoto."

Vidole vilisimama. "Na mimi je, baba mkubwa?"

"Wewe ni mtoto wa mdogo wangu. Andika, tunachelewa."

Nikaandika. Mkubwa akishasema, unameza, hata kama kinachomezwa ni mwiba.

Nikabonyeza kuprinti. Kimya. Linux haikuiona kabisa printa yangu, kizee cha printa ambacho siku zote kilifanya kazi bila kubembelezwa. Nilichomoa waya, nikachomeka, nikazima, nikawasha. Kila nilichokizoea kilikuwa kimehama, nikawa kama mgeni anayetafuta chumvi kwenye jiko la wenyewe. Kurudi nyuma nisingeweza, kwa kuwa nyuma nilishakufuta kwa mkono wangu. Ilikuwa Jumapili, maduka mengine yamefungwa, na gari lenye jeneza lilikuwa linatusubiri twende Mgori. Nikaomba nafasi ninakili kwa kalamu.

"Saa ngapi tena?" baba mkubwa akasema. "Beba hiyo mashine. Utasoma mwenyewe."

Njia nzima niliipakata ile laptop nikiilaani. Kuuandika ule mstari nilikuwa nimeuandika. Sasa nilitakiwa niutamke, mbele ya kaburi lake.

Kule jua lilikuwa kali, skrini haionekani, ikabidi nijifunike kanga kichwani mimi na laptop pamoja. Humo ndani mlikuwa na joto na pumzi yangu mwenyewe. Nilisoma kuzaliwa, nikasoma ndoa, nikasoma kwaya. Nilipoufikia ule mstari nikanyamaza. Nikakaa kimya hadi skrini ikajifunga yenyewe, maana mfumo ule ukiuacha kidogo bila kuugusa unajifungia na kudai nywila, na mimi sikuwa nimejua pa kuuzuia. Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Endelea, mwanangu," baba mkubwa akasema.

Mwanangu! Niliandika nywila, nikakosea, nikaandika tena. Ikafunguka pale pale nilipoachia, na mstari ulikuwepo. Nikausoma. Hakujaliwa kupata mtoto. Sikuwahi kuichukia sauti yangu kama siku ile.

Kaburi likafukiwa. Msimamizi wa shughuli akaanza kuita watu waweke maua, akifuata yale yale niliyoyasoma. Mume ametangulia, akasema. Watoto hakuna. Ndugu wa marehemu wasogee.

Mimi nilikuwa bado nimesimama, kanga kichwani, laptop mikononi. Jirani yetu wa Unyambwa, bibi mmoja ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akaja akanifunua kanga. Nikamwamkia, kwa mazoea tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lete hilo dude, kaweke ua kwa mama yako."

"Hawajaniita."

"Nimekuita mimi."

Akaninyang'anya laptop, akaibana kwapani, akanitia ua mkononi, akanisukuma mgongoni mbele ya baba mkubwa na ndugu zake wote. Nikaenda kuweka ua, wa kwanza.