Mihogo na Misemo ya Waingereza

Chubwi. Kimya. Chubwi tena. Tulimsikia mama mdogo kabla hatujamwona. Vipande vya muhogo vilikuwa vikidondoka ndani ya sufuria ya maji nyuma ya nyumba yake, huko Marui. Dada yangu alisimama kidogo kwenye kona ya ukuta, daftari kifuani, kisha tukazunguka.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, wanangu. Huyu mwenye daftari kanuna nini?"

Nikamweleza. Dada aliomba kazi ya mapokezi kwenye kampuni moja ya makontena kule Kwala. Tangu amalize chuo alikuwa hajaitwa popote, tunatazamana tu chumbani kwetu Kibaha. Hatimaye wakamwita kwenye usaili wa Kiingereza, naye akajibu swali la kwanza kwa misemo saba aliyoikariri. Wasaili wakatazamana. Wakampa nafasi moja ya mwisho: arudi Jumatatu, azungumze kawaida.

"Saba!" Mama mdogo alicheka mpaka kisu kikamtetemeka mkononi. "We mtoto, ulikwenda kuomba kazi au kuposa?"

Swali hilo lilimpata. Mama mdogo ndiye mshenga anayetegemewa kata nzima, na kwetu mtu haendi kuomba jambo kubwa kwa maneno makavu. Dada amekua akimsikiliza akiingia nyumba za watu na habari za ua lililoonekana bustanini. Alidhani na kazi inaombwa hivyo.

"Fungua hilo daftari. Kila msemo uniambie nani anamwambia nani, na kimetokea nini. Usipojua simenyi, na hatuli."

Dada akaanza. Waingereza, alisema, huzungumzia kuvunja barafu.

"Nani na nani?"

"Wageni wamekaa kimya sebuleni. Mmoja anatia neno, wenzake wanachangamka."

Chubwi. "Hao wana akili. Ubaridi wa ukweni naujua mimi."

Kuna kuuma risasi, yaani kukaza moyo. Anaambiwa nani? Mwenye jino bovu anayeogopa kung'olewa. Chubwi. Kuna mvua ya paka na mbwa, ikimwagika kwelikweli. Mama mdogo akaitazama mikorosho yake. "Kwa masika ya hapa wangeongeza na ng'ombe." Chubwi.

Hajui hata neno moja la Kiingereza. Mimi ninayeandika riwaya nilikaa kwenye kigoda nikimtazama akiingia ndani ya kila msemo kama mtu anayeingia kwa jirani yake, anajua kiti kiko wapi na maji yako wapi. Nilimwonea wivu, na bado namwonea.

Kisha dada akasoma kwamba mpira uko upande wako. "Maana yake, sasa ni zamu yako."

"Maana sikukuuliza."

Dada akalitazama daftari lake tena. Kisu kikatulia. Kuku alipita akadonoa maganda. Njaa ilikuwa inaniuma, nikatamani kumnong'oneza dada jibu lolote.

"Wasaili," dada akasema taratibu. "Wananiambia mimi. Jumatatu."

Chubwi.

"Basi nenda ukawasikilize kwanza. Mimi fumbo silitoi mpaka wenyeji wamesema yao."

Jumatatu walimuuliza atawapokeaje madereva waliochoka kungoja foleni. Akajibu kwa Kiingereza chepesi: atawasalimu, atawapa maji, atawasikiliza. Mwishoni kabisa akatia msemo mmoja, ule wa barafu. Mmoja wa wasaili akacheka, akaandika kitu.

Asubuhi ya siku yake ya kwanza kazini nilimtazama akifunga kamba za viatu vipya. Nikamwambia avunje mguu, kama Waingereza wanavyomtakia heri anayekwenda kusimama mbele za watu.

Akageuka, mkono kwenye kitasa. "Nani anamwambia nani?"

"Mdogo mtu anamwambia dada yake."

"Kimetokea nini?"

"Amepata kazi."

"Chubwi," akasema, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.